Namna ya Kuifuata Njaa Kutoka Tumboni Hadi Ubongoni: Somo la Homoni na Peptidi za Hamu ya Kula

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa biolojia, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mzazi yeyote wa Dodoma anayetaka kumweleza mwenzake, kwa Kiswahili na bila kupotosha, jinsi homoni za mwili zinavyoziongoza peptidi za ubongo katika kuamsha au kutuliza hamu ya kula. Katika shule zetu za sekondari somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakikariri majina ya homoni kama wanavyokariri majina ya mito, wasijue ipi inatoka wapi wala inakwenda kumwambia nani nini. Jambo lenyewe si gumu kiasi hicho. Lina njia yake, na mtu akiongozwa vizuri ataifuata.

Andaa sehemu ya mchanga yenye kivuli, kijiti cha kuchorea, mbegu za ubuyu zipatazo 150 zilizooshwa na kukaushwa, sufuria moja ndogo, kapu moja na kigoda kimoja. Mbegu za ubuyu nimezichagua kwa sababu hapa kwetu hazinunuliwi, watoto huzitema kila siku, na kwa sababu peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuupanga mnyororo huo mchangani kwa mikono yake, mbegu moja kwa asidi amino moja. Tenga muda wa vipindi viwili. Kwa kipindi kimoja utalazimika kukimbia, na somo hili likikimbizwa hurudi kuwa la kukariri.

Anza na maswali mawili

Usianze na orodha ya majina. Anza na maswali mawili ambayo kila mama wa kaya ya mkoa huu hujiuliza, kwa kuwa ubongo nao huuliza hayo hayo. Swali la kwanza ni la leo: sufuriani mna nini? Swali la pili ni la mwaka mzima: kihengeni kumebaki nini? Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na uwele na mtama unaovunwa baada ya hapo ndio unaotakiwa kuifikisha kaya kwenye mavuno yanayofuata. Kwa hiyo kaya inaweza kuwa na sufuria iliyojaa huku kihenge kikikaribia kwisha, au sufuria tupu huku kihenge kimejaa hadi juu, na uamuzi wa mpishi hauwezi kuwa mmoja katika hali hizo mbili.

Weka sufuria upande mmoja wa mchanga na kapu upande wa pili. Waeleze kuwa sufuria ni tumbo na utumbo, na kapu ni kihenge cha mwili, yaani mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani. Homoni ni wajumbe wanaobeba majibu ya maswali yale mawili kupitia damu, na peptidi za ubongo ni amri zinazotolewa baada ya majibu hayo kupokelewa. Kaa hapa mpaka kila mmoja aweze kuitamka tofauti ya mjumbe na amri kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu karibu makosa yote nitakayoyataja baadaye hutokana na kuvichanganya viwili hivi.

Chora baraza la ubongo

Kati ya sufuria na kapu, chora kichwa cha mtu kinachotazama ubavuni. Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, weka alama ya haipothalamasi. Kwa mtu mzima sehemu hii ina uzito wa takriban gramu 4 tu, ilhali ubongo mzima hufikia gramu 1,300 hadi 1,400, lakini ndiyo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili na mengi mengine. Sakafuni mwake pana fungu la seli za neva liitwalo kiini cha akuati, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kupinda kama upinde.

Mwanafunzi mzuri atauliza kwa nini majibu yapelekwe hapo na si kwingine, na swali hilo lijibiwe kikamilifu. Ubongo umelindwa na kizuizi kinachotenganisha damu na tishu zake, na vitu vingi vinavyozunguka katika damu haviruhusiwi kupita. Lakini jirani kabisa na kiini cha akuati pana mahali ambapo mishipa midogo ya damu ina vitundu, kizuizi hicho kimelegea, na kwa hiyo seli za hapo huweza kuonja yaliyomo katika damu mapema kuliko seli nyingi nyingine za ubongo. Homoni kama leptini na insulini pia huvushwa kizuizini kwa vivushio maalumu. Chora dirisha dogo hapo.

Ndani ya kiini cha akuati chora miduara miwili. Wa kwanza uite kundi la njaa na wa pili uite kundi la shibe.

Kundi la njaa hutengeneza peptidi mbili. Ya kwanza ni niuropeptidi Y, ambayo kwa kifupi huandikwa NPY. Ilitambuliwa mwaka 1982 na Kazuhiko Tatemoto na Viktor Mutt wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walioitoa katika ubongo wa nguruwe. Mwambie mwanafunzi mmoja apange mbegu 36 kwa mstari ndani ya mduara, kwa kuwa huo ndio urefu wake. Ya pili huandikwa AgRP, na kazi yake nitaieleza punde. Kundi la shibe hutengeneza protini ndefu iitwayo POMC, ambayo yenyewe si amri bado. Ni kama muwa unaokatwa pingili: vimeng'enya huukata, na katika muwa huo mmoja hutoka homoni ya kuamsha tezi za adrenali, hutoka endofini inayopunguza maumivu, na hutoka peptidi fupi ya asidi amino 13 iitwayo alfa-MSH. Pingili hii ya mwisho ndiyo tunayoihitaji. Panga mbegu 13 ndani ya mduara wa pili.

Sasa leta kigoda. Kigoda hiki ni kipokezi kiitwacho MC4R, kilichoko juu ya seli za sehemu nyingine ya haipothalamasi inayopokea amri kutoka kwenye makundi yetu mawili. Alfa-MSH ikikaa kigodani, mtu hupungukiwa na hamu ya kula na mwili hutumia nishati kwa ukarimu zaidi. AgRP hushindania kigoda hicho hicho. Ikikikalia, huizuia alfa-MSH isikae, na zaidi ya hapo huushusha hata ule mnong'ono mdogo wa shibe ambao kipokezi hutoa chenyewe kikiwa kitupu. Simamisha wanafunzi wawili wakigombee kigoda, mmoja akiwa AgRP na mwingine alfa-MSH, na wengine wataje matokeo kila anapoketi mmoja wao. Nimelifanya zoezi hili mara nyingi na sijawahi kuona mwanafunzi akilisahau.

Ongeza jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule huliacha. Kundi la njaa limeunganishwa na kundi la shibe kwa nyuzi zinazotoa kemikali ya kunyamazisha, kwa hiyo njaa inapoamka haipazi sauti yake tu bali huifunga mdomo sauti ya upande wa pili. Mwenye njaa kali akiambiwa ajizuie anaambiwa apambane na mpangilio huo, na mimi naona ni haki mwanafunzi alijue hili kabla hajaanza kuwahukumu watu kwa namna wanavyokula.

Tuma mjumbe wa sufuria

Mjumbe wa kwanza ni ghrelini. Iligunduliwa mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao wa Japani, nayo hutengenezwa kwa wingi tumboni. Panga mbegu 28 kando ya sufuria, kisha ya tatu ipake mafuta kidogo ya alizeti. Huo si mchezo, kwani asidi amino ya tatu ya ghrelini hubandikwa asidi ya mafuta kwa kimeng'enya maalumu, na bila kibandiko hicho ghrelini haiwezi kukiamsha kipokezi chake.

Ghrelini hupanda tumbo likiwa tupu na wakati wa mlo ukikaribia, huingia katika damu, hufika dirishani na kuliamsha kundi la njaa, ambalo hutoa NPY na AgRP. Mtu akishakula hushuka. Hufuata pia mazoea: aliyezoea kula saa saba mchana, ghrelini yake huanza kupanda kuelekea saa saba, na ndiyo maana mwanafunzi wa bweni aliyehamia shule yenye ratiba tofauti huteseka siku za mwanzo, kisha huzoea. Utumie mfano huu, kwa kuwa darasa lote litautambua.

Kutoka upande huo huo wa sufuria wapo wajumbe wa shibe. Pita juu yao haraka: chakula kinapoingia utumbo mwembamba, sehemu yake ya mwanzo hutoa kolesistokinini, ambayo huugusa mshipa wa neva wa vagasi unaopanda hadi shina la ubongo, na sehemu za mbele zaidi za utumbo hutoa PYY, inayolinyamazisha kundi la njaa, pamoja na GLP-1. Wanafunzi wakubwa watakuuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito wanazozisikia. Wajibu kwamba GLP-1 ya mwili huvunjwa ndani ya dakika chache, dawa hizo zimeundwa kuifanana lakini zikae muda mrefu, na ni dawa za kuandikiwa na daktari, si za kuagizwa kwa simu. Wajumbe hawa huhitaji muda kukusanyika, na mtu anayemaliza sahani ya ugali kwa dakika tano huwa ameshashika tonge la mwisho kabla hawajafika.

Tuma mjumbe wa kihenge

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Homoni inayotoka katika seli za mafuta ni leptini, na badala ya kuieleza moja kwa moja nakushauri uitoe kama fumbo, maana ndivyo ilivyopatikana.

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wanene kupita kiasi waliokula bila kukoma. Miaka ya 1960 walipatikana panya wa ukoo mwingine, wanene vilevile. Douglas Coleman akaunganisha mizunguko ya damu ya panya wawili wawili ili kilichomo katika damu ya mmoja kimfikie mwenzake. Alipomwunganisha panya mnene wa ukoo wa kwanza na panya wa kawaida, yule mnene alikula kidogo. Alipomwunganisha na panya mnene wa ukoo wa pili, yule wa ukoo wa kwanza aliacha kula kabisa hadi kufa kwa njaa, huku mwenzake akiendelea kula na kunenepa. Waulize wanafunzi: ni panya yupi asiyekuwa na mjumbe, na ni yupi aliyekuwa na mjumbe lakini hana wa kumpokea? Wape muda wabishane. Jibu ni kwamba wa ukoo wa kwanza alikosa mjumbe lakini aliweza kumsikia. Wa ukoo wa pili alikuwa na wajumbe tele, lakini vipokezi vyake havikuwa vikifanya kazi. Mjumbe mwenyewe alipatikana mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, akapewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Ana asidi amino 146, kwa hiyo usijaribu kumpanga kwa mbegu. Onyesha kapu tu.

Kihenge kikiwa na akiba, leptini huwa nyingi katika damu. Ikifika kwenye kiini cha akuati hulituliza kundi la njaa na kuliamsha kundi la shibe, na hufanya hivyo kwa mwendo wa aina mbili. Kuna mwendo wa haraka, ambapo seli hubadilisha mpigo wake wa umeme na kutoa peptidi zilizokwisha kutengenezwa. Kuna pia mwendo wa polepole, wa saa nyingi, ambapo ujumbe wa leptini hushuka hadi kwenye jeni ndani ya kiini cha seli, ukaamuru POMC iandikwe kwa wingi na AgRP iandikwe kwa uchache. Huu wa pili ndio moyo wa somo zima: homoni haigusi tu peptidi iliyopo, bali huamua ni kiasi gani kitatengenezwa kesho.

Insulini, itokayo kongosho, hubeba ujumbe wa namna hiyo hiyo. Ina asidi amino 51 katika minyororo miwili ya 21 na 30, nayo huwa juu zaidi kwa mtu mwenye akiba kubwa ya mafuta, ukiacha kupanda kwake kila baada ya mlo. Mpe mwanafunzi hodari swali hili: mgonjwa wa kisukari asiye na insulini ana sukari nyingi katika damu, kwa nini basi ana njaa kali huku akikonda? Atakayejibu kwamba ubongo haupati mjumbe wa kihenge na kwa hiyo unaamini kihenge ni kitupu, amelielewa somo. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Leptini ina tabia moja inayopaswa kusisitizwa hapa kwetu kuliko pengine. Mtu akikosa chakula, hushuka ndani ya siku moja au mbili, mapema sana kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua. Mjumbe haji tu kusema akiba imekwisha. Huja kusema akiba imeanza kuguswa. Kundi la njaa hupaza sauti, mwili hubana matumizi, homoni za tezi dundumio hupungua, na kwa mwanamke hedhi inaweza kusimama ukosefu ukidumu. Mwaka 1996 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa panya waliofungishwa chakula lakini wakapewa leptini walipungukiwa na mabadiliko hayo, jambo lililothibitisha kwamba kushuka kwa leptini ndiko kunakoyachochea. Mwanafunzi aliyekulia Bahi, Chamwino au Mpwapwa, anayeijua miezi ya mwanzo wa mwaka wakati mvua inanyesha na kihenge kinapungua, atauelewa mpango huu kuliko msomaji wa mahali penye chakula mwaka mzima. Na mpango huo huo humrudisha kwenye uzito wake wa awali mtu aliyejikondesha kwa haraka.

Watakuuliza kwa nini basi wanene wasipewe leptini. Wachache walipewa na ikawasaidia: mwaka 1997 ilitangazwa nchini Uingereza habari ya watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kuitengeneza, na mtoto wa kwanza aliyechomwa sindano za leptini alipungukiwa na hamu ya kula kwa kiasi kikubwa. Lakini watu wengi wenye unene uliokithiri wana leptini nyingi tayari; ubongo wao umepunguza usikivu, kwa sehemu kwa sababu uvushaji wa leptini kuingia ubongoni hupungua na ndani ya seli za neva ujumbe wake hufifishwa. Kuongeza mjumbe kwa mtu asiyesikia hakusaidii.

Wajumbe wengine, kwa ufupi

Kotisoli, homoni ya mkazo, huongeza utengenezaji wa NPY na AgRP. Estrojeni huelekea upande wa shibe. Yataje haya mawili na uendelee, kwa sababu ukiyafungua yote leo mchanga utajaa mishale isiyosomeka.

Ijaribu ramani

Ramani isiyojaribiwa haijafundishwa. Nampa kila mwanafunzi hali moja, naye husogeza mbegu na kuketisha mtu kigodani huku akieleza.

Hali ya kwanza ni ya mlinzi wa usiku. Mwaka 2004, huko Chicago, wanaume vijana 12 wenye afya walilala saa 4 tu kwa usiku mbili mfululizo. Wakilinganishwa na walipopewa nafasi ya kulala saa 10, leptini yao ilikuwa chini kwa asilimia 18, ghrelini juu kwa asilimia 28, na njaa waliyoieleza wenyewe juu kwa asilimia 24. Mwanafunzi aonyeshe jinsi wajumbe wote wawili wanavyosukuma upande mmoja. Mkumbushe pia kuwa watu 12 ni wachache, na kwamba anayetaja matokeo ataje na idadi.

Hali ya pili ni ya mtu anayesikia harufu ya nyama ikichomwa kando ya barabara. Mwaka 2015 watafiti walipima seli za AgRP za panya wenye njaa wakakuta kwamba mpigo wake hushuka mara panya anapokiona chakula, kabla hajameza chochote. Hapa wanafunzi wengi hukosea, hudhani seli za njaa zitaongeza kelele. Waeleze kwamba homoni huweka hali ya msingi, na macho na pua huongeza utabiri juu yake.

Makosa ya kusahihisha papo hapo ni haya: kuiweka ghrelini ndani ya ubongo kama amri, ilhali katika ramani yetu ni mjumbe atokaye tumboni, kuiita leptini dawa ya kukonda, na kusema "binadamu" mahali ambapo jaribio lilifanywa kwa panya. Kosa hili la tatu nalisahihisha kila mara, hata kama mwanafunzi amejibu mengine yote sawasawa.

Hali ya mwisho ndiyo ninayoitumia kama mtihani. Msichana wa kidato cha tatu ameamka saa kumi na moja alfajiri, ametembea hadi shuleni bila kunywa uji, na sasa ni saa nne na nusu, anasinzia, na hesabu hazimwingii. Mwanafunzi aanze kwenye sufuria, apitishe ghrelini dirishani, aamshe kundi la njaa, atoe NPY na AgRP, anyamazishe kundi la shibe, na aketishe AgRP kigodani. Kisha aambiwe kwamba msichana huyo amekuwa akila mlo mmoja kwa siku tangu Januari. Asipokwenda mwenyewe kwenye kapu na kuipunguza leptini, mwache akae kimya kidogo, halafu mwulize: na kihengeni je?